Ndoo ya Pili

Nilimpelekea Fidea Nanjota ubeti mmoja
nyuma ya stakabadhi ya korosho,
maana Newala msimu ule kila karatasi
ilikuwa na kilo za mtu:

   Ndoo kichwani kwa mama, ukungu haujapanda,
   kisimani kainama, kamba yamkata vyanda,
   sauti chini yazama, hairudi ikienda,
   na kiu imesimama, mlangoni inawinda.

Nikamwambia, nichoree hiyo.
Mama, ndoo, kisima cha bondeni, basi.
Mapajani alikuwa na kipande cha mpingo,
salio la shetani baba yake aliyemuuza Masasi.
Akasoma. Akarudia, midomo ikicheza.
Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
Alisema, "Njoo Jumatano."

Jumatano mama hayupo.
Ndoo haipo.
Kuna mdomo wa shimo, na mkono unaotoka,
au unaoingia, sikujua,
na pembeni weupe mpana usio na kitu.

"Mama yuko wapi?"
Akapuliza vumbi jeusi lililomkaa kwenye nyusi.
"Ndoo umeshaiandika wewe.
Nichonge ya pili ya nini? Tutachota wapi?"

Nilinuna wiki mbili nzima.
Nilimwita fundi asiyesikia,
nikawaambia hata watu wa mashine ya kusaga
ambao hawakuwa wameniuliza.

Kisha asubuhi moja nikapita Shimo la Mungu.
Bonde lote halipo, ukungu mpaka kwenye vidole vya miguu.
Chini huko mtu akakohoa.
Mara moja tu.
Nikajikuta nampa uso,
nampa mzigo, nampa binti anayemfuata nyuma,
nampa hata jina,
na sikumwona mpaka leo.

Nikarudi kwa Fidea, sikuomba radhi. Niliosha miko.

Wino: masizi ya vyungu na mafuta ya ufuta.
Mashine: mgongo wa kijiko,
unasugua mpaka bega liseme.
Herufi alizichonga mwenyewe, kinyumenyume,
na moja ya siku za mwisho akapitiwa,
*kiu* ikatoka *uik*, imeupa msomaji kisogo.
Nikasema tuutupe ubao.
Alicheka mpaka akaketi.
"Iache. Kiu ilipiga hodi lini?"

Tukashona kwa nyuzi za magunia.
Thelathini.
Kimoja alinunua katibu wa chama cha msingi,
nikakiona baadaye kimekandamiza risiti zake, feni isizipeperushe.
Kimoja mchwa walianza na pambizo,
wakala weupe wote kwanza,
kama wanaojua penye utamu.
Tisa viko chini ya kitanda changu.

Kimoja nilimpa mama.

Mama hajui kusoma.
Alifuta mikono kwenye kanga, mbele na nyuma,
akakishika kama anavyoshika kifaranga.
Ubeti wangu aliupita
kama anavyopita uzio wa jirani.
Akafika kwenye mkono.

Akaweka kidole chake juu ya kidole cha wino,
kisha cha pili,
kisha cha tatu,
cha nne,
na cha tano akakiweka mahali peupe,
akakiacha hapo.

Nimechapa vitabu thelathini kwa mgongo wa kijiko.
Sikuwahi kuhesabu.

"Nani kamwambia?" aliuliza.
"Kamwambia nani? Nini, mama?"

Akafunga kitabu,
akakitia sandukuni chini ya vitenge visivyoshonwa,
akaniuliza kama korosho za uani zimegeuzwa,
maana jua, alisema, linaondoka.

Nikaenda kuzigeuza.